Kuvumilia na Kuvumiliana: Dini katika Somo la Historia

Walimu wengi tunapofundisha habari za dini katika historia huridhika na nasaha moja: kila mtu avumilie dini ya mwenzake. Nasaha hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mtu huvumilia njaa, jua kali na maumivu ya jino. Je, sala ya jirani nayo ni maumivu? Lugha yetu inatupa neno lililo bora zaidi, nalo ni kuvumiliana. Avumiliaye peke yake hukaa juu, avumiliwaye hukaa chini; wavumilianao husimama sawa. Kwa maoni yetu tofauti hii ndiyo kiini cha somo, na historia ya Ufaransa yaionyesha waziwazi.

Tangu mwaka 1562 Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi hiyo walipigana vita baada ya vita. Kuanzia Agosti 1572 maelfu ya Waprotestanti waliuawa mjini Paris na katika miji mingine. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne, aliyekuwa Mprotestanti kabla ya kuingia Ukatoliki mwaka 1593, alitoa Amri ya Nantes. Waprotestanti waliruhusiwa kusali mahali palipotajwa, kushika vyeo vya serikali na kuwa na miji yao yenye ngome. Hata hivyo hawakuruhusiwa kufanya ibada ya hadhara mjini Paris, na iliwabidi kulipa zaka kwa Kanisa Katoliki. Amri hiyo ilitangazwa kuwa ya milele.

Milele hiyo ilidumu miaka 87. Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta. Makanisa ya Waprotestanti yaliamriwa yabomolewe, wachungaji wakapewa majuma mawili waihame nchi, na watoto wakaamriwa wabatizwe Kikatoliki. Waumini wengine walikatazwa kuhama, lakini wapatao 200,000 walitoroka. Baadhi yao walifika Uholanzi, Uingereza, na hata Rasi ya Tumaini Jema. Waliobaki walingoja hadi mwaka 1787 ndipo ndoa na vizazi vyao vikatambuliwa na sheria. Mwaka 1789 Tangazo la Haki za Binadamu na Raia lilikwenda mbali zaidi: uhuru wa imani sasa ulitajwa kuwa haki.

Fundisho ni hili: kitolewacho na mfalme kwa hisani yake, mfalme mwingine aweza kukitwaa. Kwa hiyo mwalimu asitosheke na wanafunzi kukariri miaka. Awaulize: Amri hii ilitolewa na nani? Nani aliweza kuifuta? Waprotestanti wenyewe walikuwa na sauti gani? Kisha awaonyeshe Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inayotamka uhuru wa dini kuwa haki ya kila mtu, na awaulize tena maswali yale yale.

Wako wasemao kwamba kuwatajia watoto vita vya dini ni kupanda fitina. Hofu yao twaielewa, lakini hatukubaliani nayo. Mtoto hukuta tofauti za dini nyumbani, sokoni na njiani kabla hajafika shuleni. Mwalimu akinyamaza, mtoto atafundishwa na wengine, na pengine kwa chuki.

Lakini somo kubwa zaidi halimo katika andalio la somo. Darasani mwalimu ni kama mfalme mdogo. Mwanafunzi Mwislamu aombapo kwenda kusali Ijumaa, au Msabato aombapo asipewe zamu ya usafi Jumamosi, mwalimu aweza kujibu, "Haya, leo nakuruhusu." Hapo ametoa Amri ya Nantes. Yeye mwenyewe, au mwalimu wa zamu ajaye, ataifuta wiki ijayo. Afadhali jambo hilo liwekwe katika ratiba, lijulikane na wote, mtoto asilazimike kuomba kila mara kama anayeomba msamaha.

Ninyi mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, jichunguzeni katika mambo madogo kama hayo. Wanafunzi watasahau mwaka 1598 na mwaka 1685, lakini hawatasahau kama darasani mwenu walivumiliwa au walivumiliana.