Kiwiko Kisicho na Ukano

Leo tuziache kidogo tarakilishi, twende Marekani tukautazame mchezo ambao wengi wetu huku Kenya hatuufuatilii: besiboli. Msinikimbie tafadhali. Habari hii inatuhusu sana sisi tunaoandika programu za kupima na kuchuja watu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Mrushaji husimama mita 18.4 hivi kutoka mahali anaposimama mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga mpira ukaruka nje ya uwanja, timu yake inapata alama. Kazi ya mrushaji ni kumfanya akose.

Na njia ya kuifikia kazi hiyo ni ndefu. Kila mwaka timu kubwa huchagua vijana kwa zamu, wengine wakitoka shule ya upili, wengine chuo kikuu. Ukichaguliwa huendi moja kwa moja kwenye uwanja mkubwa. Unapelekwa kwenye ligi ndogo, upande ngazi kwa ngazi, kwa mshahara mdogo. Wengi huishia huko huko.

Sasa mjue R.A. Dickey, mzaliwa wa Nashville. Mwaka 1996 alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Tennessee, na mwaka huo huo akawa katika timu ya Marekani iliyopata shaba kwenye Olimpiki za Atlanta. Timu ya Texas Rangers ilimchagua wa 18 katika nchi nzima, ikakubali kumpa dola 810,000 za kutia sahihi. Kabla ya kutia sahihi, akapimwa. Madaktari wakakuta jambo la ajabu: kiwiko chake cha kulia, mkono wa kurushia, hakikuwa na ule ukano wa ndani unaoifunga mifupa pamoja. Si kwamba ulikuwa umechanika. Haukuwepo kabisa!

Dola 810,000 zikayeyuka. Baadaye akapewa 75,000.

Jamani, tusiwe wepesi wa kuwacheka Rangers. Kipimo kilisema kweli, na yeyote mwenye fedha zake angesita. Ukano huo ndio uliomkatikia Tommy John wa Los Angeles Dodgers mwaka 1974, hadi daktari Frank Jobe akamfanyia upasuaji wa kwanza wa aina yake, akichukua ukano kutoka mkono mwingine na kuupandikiza kwenye kiwiko. Upasuaji huo hadi leo unaitwa kwa jina la mchezaji huyo.

Dickey alicheza ligi kubwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, lakini hakutulia. Kasi ya mpira wake ilikuwa ya kawaida na ikazidi kupungua. Mwaka 2005 makocha wa Rangers wakamshauri aache kushindana kwa kasi, ajifunze nakoboli. Huu ni mpira unaoshikwa kwa ncha za vidole, kucha zikiwa zimeuchomeka, na unarushwa bila kuzungushwa. Mpira wa kawaida wa kasi huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na mzunguko huo huufanya uende kwa njia inayotabirika. Nakoboli karibu haizunguki. Hewa inapita kwenye mishono yake bila mpangilio, mpira unayumba kama mlevi, na hata aliyeurusha hajui utaishia wapi.

Alipoijaribu katika mechi ya ligi kubwa Aprili 2006 dhidi ya Detroit Tigers, alipigwa mipira 6 nje ya uwanja, akaifikia rekodi mbaya ya enzi hizi. Akateremshwa ligi ndogo tena. Akahama Milwaukee, akaenda Seattle, akaenda Minnesota. Mwaka 2010 New York Mets wakamchukua kwa mkataba wa ligi ndogo, akiwa na miaka 35.

Januari 2012 alikuja huku kwetu Afrika Mashariki, akapanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za kupambana na biashara ya binadamu huko Mumbai, India. Mets walimwonya kwamba akiumia mlimani mkataba wake wa mwaka huo ungeweza kuvunjwa. Akapanda, akashuka salama, na msimu huo akashinda mechi 20, akapoteza 6, akawatoa wapigaji 230 kwa kuwakosesha. Akapewa tuzo ya Cy Young, mrushaji wa kwanza wa nakoboli kuipata. Alirusha hadi 2017 akiwa na miaka 42, kwa kiwiko kile kile kisicho na ukano.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: huyo ni mmoja tu. Ni kweli, na sisi wa programu tunajua hatari ya kujenga mfumo kwa mfano mmoja. Kwa kila Dickey kuna mamia waliong'ang'ana ligi ndogo hadi ujana ukaisha, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Sisemi kwamba uvumilivu hulipa daima. Ninachouliza ni hiki: mlango aliopitia Dickey bado uko wazi?

Naona umebaki ufa tu. Tangu 2015 kila uwanja wa ligi kubwa una mfumo unaoitwa Statcast, unaopima kasi, mzunguko na njia ya kila mpira. Ni kazi nzuri ya kiufundi, naivulia kofia. Lakini kinachopimika kirahisi ndicho kinachotafutwa, na kasi hupimika kirahisi kuliko yote. Wastani wa mpira wa kasi ulikuwa kama kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulikaribia 152. Vijana wanarusha kwa nguvu zote kila mara, na viwiko vinalipa deni: upasuaji wa Tommy John katika ligi kubwa na ndogo ulipanda kutoka 104 mwaka 2010 hadi 314 mwaka 2020. Warusha nakoboli nao karibu wametoweka.

Wakati huo huo ngazi zinapunguzwa. Hadi 2019 vijana walichaguliwa kwa mizunguko 40. Tangu 2021 ni 20. Mwaka huo pia timu za ligi ndogo zilizo chini ya timu kubwa zilikatwa kutoka 160 hadi 120. Waliobaki walipata nafuu ya mishahara mwaka 2023, na hilo ni jema. Lakini nafasi za kukosea, kupigwa mipira 6 na kupewa mwaka mwingine wa kujifunza, zimepungua.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, hasa wewe unayeandika programu ya kuchuja maombi ya kazi, au ya kuamua nani apewe mkopo kwa simu. Kipimo cha Dickey kilijibu swali moja: je, ukano upo? Hakikuulizwa kama mtu huyu ataweza kurusha mpira kwa miaka ishirini. Jibu la swali la kwanza lilichukuliwa likawa jibu la swali la pili. Hitilafu ya namna hii haionekani kwenye majaribio, kwa sababu yule uliyemkataa hatarudi kukuonyesha ulichokosa. Dickey alionekana kwa kuwa Rangers, pamoja na kumpunja, walimwachia mlango.

Basi ukijenga kichujio, usikiache kiwe na majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Weka njia ya tatu, ndogo hata kama ni ya 75,000 badala ya 810,000, kwa wale ambao kipimo chako hakikutengenezwa kuwaelewa. Kisha rudi baada ya miaka uangalie wamefika wapi. Kuweka njia hiyo kuna gharama, lakini bila hiyo hutajua kamwe kichujio chako kilikosea kwa nani.

Haya, wewe waonaje? Tafakari, kisha nenda kaufungue tena ule msimbo wako.