Safari ya Agosti: Twende Sote

Mimi ni mwanachama mwenzako wa kidato cha tatu, mkaazi wa Mji wa Kale. Mwaka huu sikuleta shairi wala chemshabongo. Nimeleta malalamiko, na nyuma ya malalamiko nimeleta dawa yake.

Kila likizo ya Agosti chama chetu hufunga safari. Mwaka huu kamati imeazimia twende Tsavo, siku tatu kwa basi la kukodi, tukipiga picha za wanyama za kupamba toleo lijalo la jarida hili. Orodha imebandikwa ubaoni. Chama kina wanachama 41, na hadi juzi walioandika majina ni 14. Mimi ni wa tatu katika orodha hiyo; mjomba kashanilipia. Kwa hivyo msije mkanambia yangu ni ya sungura, sizitaki mbichi hizi. Zabibu ninazo mkononi.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana pia tulilala nje, na mimi nilikwenda. Tuliporudi tulionyeshana picha darasani kwa kelele na vicheko. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja hakwenda. Mamake huuza viazi karai, na ada ya safari ilikuwa mzigo mkubwa kwao. Aliangalia picha ya kwanza, akaangalia ya pili, kisha akatoa daftari la hesabu akajitia anafanya hesabu. Wallahi siku hiyo hatukuwa tumepewa hesabu yoyote. Tangu hapo haji mikutanoni. Naye ndiye aliyekuwa akitutungia mashairi. Fungua kurasa za toleo hili utafute shairi lake. Halimo.

Aidha kuna wasichana ambao fedha wanazo lakini ruhusa hawana. Mzazi wa Mji wa Kale ukimwambia mtoto wa kike atalala porini siku mbili, jibu lake unalijua kabla hujamaliza kusema. Sisi ni shule ya kutwa; wazee wetu wamezoea kutuona nyumbani kabla ya magharibi. Siwalaumu. Nasema tu kwamba safari isiyojali hali za nyumbani kwetu ni safari ya wachache, ilhali jina la chama ni la wote.

Simtii mtu chuki na Tsavo. Hifadhi hizo mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zilitengwa mwaka 1948, na kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Huko ndiko kwenye ndovu wekundu, ambao wekundu wao ni wa udongo wanaojimwagia. Huko ndiko simba walikowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Na huko Tsavo Magharibi ndiko ziliko chemchemi za Mzima, ambazo tangu miaka ya 1950 maji yake huletwa Mombasa kwa bomba. Yale maji tunayoyapangia foleni na mitungi, viboko wameyaoga mwanzo! Ningependa sana kwenda. Lakini Voi tu ni kama kilomita 150 kutoka hapa, tena kwa barabara iliyojaa malori. Ukishafika ndipo safari yenyewe yaanza. Hilo haliwezekani kwa siku moja.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu uko ng'ambo ya Likoni. Hifadhi ya Shimba Hills, huko Kwale, haifiki kilomita 50 kutoka shuleni. Katika Kenya nzima, palahala wa porini wako huko tu. Hebu fikiria: dume jeusi tititi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwenda nyuma mfano wa jambia. Mtalii hupanda ndege kuja kumtafuta, na sisi tulio jirani zake wengi hata jina lake hatulijui, ilhali ni jina la Kiswahili. Je, si aibu kwa chama cha Kiswahili?

Pendekezo langu ni siku moja ya Jumamosi. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Kivukoni kamera na simu zibaki mfukoni, kwani kupiga picha pale hairuhusiwi. Kufikia saa mbili tuwe langoni, jua likiwa bado pole, maana jua la utosini huharibu picha. Tutafute palahala na ndovu, kisha tuteremke kwa miguu na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Sheldrick. Adhuhuri tuswali na kula mjini Kwale, chakula kila mtu abebe chake. Hapo tumwombe mtu wa huko atusimulie habari ya Mwaluganje, ambako katika miaka ya 1990 wakulima waliochoshwa na ndovu kuwalia mahindi walikubali kuwaachia ardhi na kugawana mapato ya wageni. Alasiri tupitie Diani tuwapige picha mbega wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba walizofungiwa juu ya magari. Magharibi kila mmoja yuko kwao.

Kuna mwenzangu alinicheka: "Shimba bila simba!" Nami namjibu kwa habari ya Bamburi. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepotezana na wenziwe aliokolewa baharini Malindi, akapewa jina Owen, akaletwa Haller Park, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji kabla ya kupandwa miti. Huko akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee, wakala pamoja na kulala pamoja. Picha zao, alizozipiga Peter Greste, zilizunguka dunia nzima na kutiwa vitabuni. Hapakuwa na simba wala mbuga kubwa. Palikuwa hapo tu, mbele ya daraja la Nyali, na mtu aliyekuwa na subira ya kutazama.

Subira hiyo tuanze kujifunza sasa. Kamera ya chama ni moja. Babangu husema zamani filamu ilikuwa na picha 36, kwa hivyo kila ukibonyeza ulifikiri kwanza. Basi tugawane makundi, na kila kundi lipewe picha 36, zisizidi. Kabla ya Agosti tujizoeze kwa paka wa soko la samaki na kunguru wa Mji wa Kale, ambao hawatozi ada ya kiingilio. Atakayeweza kumpiga picha kunguru kabla hajaruka, palahala hatamshinda.

Kuhusu gharama, basi la siku moja na bila malazi ni nafuu sana. Tumwombe mwalimu mlezi aandikie Shirika la Wanyamapori mapema kuhusu ada za wanafunzi. Tsavo haihami, wenye uwezo wataiona na jamaa zao, na sisi wengine tutaiona Mungu akipenda.

Mkutano wa kupitisha safari ni wiki ya kwanza ya Julai. Nitanyanyua mkono niseme haya niliyoyaandika, na nitaomba fedha za mjomba ziingizwe katika safari ya wote. Rafiki yangu nimemwambia aje. Hakunijibu, ila aliuliza mkutano ni saa ngapi.