Skrubu Ndogo, Hasara Kubwa



Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba hukimaliza pia. Petroli ya gari kuukuu huweza kupotea kwa sababu ya skrubu moja ya kabureta.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka hospitali jirani yangu aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Kila niliposimama, injini ya Volkswagen yangu ilizimika. Tulifika salama, lakini kosa lilikuwa langu. Jana yake niliikaza skrubu ya mchanganyiko kwa nguvu, nikidhani nabana matumizi, nikaiharibu ncha.

Kabureta ya Solex 34 PICT-3 ina skrubu mbili ubavuni. Kubwa huongoza mwendo wa injini usipokanyaga mafuta. Ndogo hupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Skrubu ya mkono wa kebo ya mafuta usiiguse kwa kazi hii.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, funga skrubu ndogo polepole, ukihesabu mizunguko, mpaka iguse tu. Andika hesabu hiyo, kisha itoe. Ikiwa ncha imepinda au ina mfuo, nunua nyingine ya aina ile ile. Ingiza mpya kwa vidole mpaka iguse, halafu irudishe nyuma mizunguko miwili na nusu.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha plagi, platini na chujio la hewa ni nzima. Washa injini nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Ikishapata moto na choki kufunguka kabisa, fungua skrubu ndogo robo mzunguko kila mara, ukisikiliza, mpaka injini iende kasi kuliko zote. Kisha ifunge taratibu hadi kasi ipungue kidogo tu, kama mizunguko 20 hadi 30 kwa dakika. Mwisho, kwa skrubu kubwa, weka mwendo kwenye mizunguko 850 hivi.

Ukiizungusha skrubu ndogo na injini isibadilike, huenda njia imeziba au hewa yapenya pengine. Hapo mwite fundi.

Bisibisi haihitaji misuli, ndugu yangu. Yahitaji sikio na subira. Mgonjwa wa usiku hangoji gari lipone.