Kibarua naye apewe karatasi

Wengi wa wanafunzi wetu wanaohitimu siku hizi hawangoji kuajiriwa. Hufungua biashara, na punde si punde wakageuka waajiri. Hilo ni la kupongezwa. La kusikitisha ni kwamba aghalabu mwajiri mpya huiweka orodha ya mishahara kichwani, akalipa kwa simu mwezi ukiisha, na mambo yakaishia hapo.

Tuyatazame maneno yenyewe. "Mshahara" asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna mwezi. "Kibarua" nacho ni barua ndogo: zamani mfanyakazi wa kutwa kule Unguja alipewa kijikaratasi alipoandikwa kazi, akakirudisha alipolipwa, hatimaye jina la karatasi likamwangukia aliyeishika. Ajabu ni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya maandishi yenye kuonyesha mshahara na kila kinachokatwa, kisha inamwacha nje kibarua! Wapo waajiri wanaojificha humo, wakisahau kwamba kifungu cha 37 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda ufikao mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi.

Hesabu nayo si ngumu kama inavyodhaniwa. Chukua msaidizi wa mshahara wa Sh20,000. Hazina ya NSSF huchukua asilimia 6, yaani Sh1,200. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, asilimia 2.75, yaani Sh550. Ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani Sh300. Kodi ya mapato haimfikii, kwani nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi huimeza yote. Atapokea Sh17,950. Lakini mwajiri naye sharti aongeze Sh1,200 za NSSF na Sh300 za nyumba kutoka mfukoni mwake. Msaidizi huyo basi anamgharimu Sh21,500, na hapa ndipo wengi hukwama, maana walipopanga bei za bidhaa walihesabu elfu ishirini tu. Makato hayo hutakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Anayekata asiwasilishe, kwa maoni yangu, ni mbaya kuliko asiyekata kabisa. Mfanyakazi hugundua siku amempeleka mtoto hospitalini, akaambiwa bima haijalipwa, ilhali anakumbuka vyema kwamba pesa zilikatwa. Hana ithibati yoyote mkononi.

Fauka ya hayo, kifungu cha 9 kinaagiza kwamba asiyeielewa lugha ya mkataba afafanuliwe kwa lugha anayoielewa. Sioni kwa nini karatasi ya mshahara isifuate njia hiyo hiyo. Mshahara kamili, makato, salio: maneno manne haya hayamshindi mwenye duka yeyote kuyaandika, na walimu wa biashara wangeweza kuanza nayo darasani muhula huu.