Karatasi ya kipimo? Muulizeni aliyeichelewesha

Wana Mudaka, ndugu wa Bukavu na Kavumu,

Tuko na muuguzi mmoja hapa kwetu. Mwaka 2020 alitunza wagonjwa wa Korona na barakoa moja, aliyokuwa anaifua usiku. Akashikwa. Homa iliisha, lakini pumzi haikurudi. Leo akitoka sokoni kupandisha kilima anasimama mara tatu, na vipimo vya dawa alivyokuwa anajua kwa kichwa, sasa anavisoma kwanza kwenye kikaratasi. Siku hafanyi kazi, hali. Hana matrikule, anaishi na ile kidogo wagonjwa wanalipa kituoni.

Alipoomba msaada akaambiwa: leta karatasi ya kipimo.

Karatasi gani? Tusisahau haraka hivyo! Wakati ule vipimo vya Kivu ya Kusini vilikuwa vinatumwa mpaka INRB, Kinshasa. Daktari Mukwege, aliyeongoza tume ya afya ya kupambana na Korona hapa jimboni, alijiuzulu Juni 2020, na moja ya sababu alizotoa ni hiyo: majibu yanapita wiki mbili. Kama yeye na Nobel yake alingoja, muuguzi wa Mudaka angeyatoa wapi?

Tena karatasi yenyewe si lazima. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza huu ugonjwa wa baada ya Korona: mtu aliyeambukizwa, ama anayedhaniwa kuambukizwa, mwenye dalili za angalau miezi miwili ambazo ugonjwa mwingine hauzielezi. Anayedhaniwa, wakubwa. Someni tena. Ufaransa, kwa amri ya 14 Septemba 2020, ilikubali Korona kuwa ugonjwa wa kazi kwa wahudumu wa afya waliofikia kuwekewa oksijeni. Huku kwetu hata daftari la majina hatujaliona.

Wengine watasema eti tuko na vita, kolera, Mpox, nani ana muda wa Korona? Sasa hao wa kolera na Mpox wanatunzwa na nani? Na hawa hawa wasio na pumzi.

Tunadai zone zote za afya za Kabare ziandike majina yao, ushahidi wa wenzao wa kazi ukubaliwe, mapafu yapimwe bure, na siku za ugonjwa zilipwe. Kama serikali imekosa mwandishi, sisi wenye diplome tuko nyumbani tu, biki tunazo.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, sokoni Mudaka. Kila mtu aje na jina la muganga mmoja anayemjua, baada ya kumuomba ruhusa.