Ng'ombe wa Kaka, Umri wa Dada

Kila darasa la saba linapofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa, Tanzania, huwamo msichana aliyeagizwa kwao afeli. Swali analijua. Anaweka alama kwenye jibu la ovyo, kwa sababu akifaulu atapangiwa kidato cha kwanza, na jina likishaingia kwenye rejesta ya sekondari mshenga hakanyagi uani. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Akifeli, ni wa kuolewa. Mwalimu huishia kushangaa tu matokeo yanapotoka: yule aliyekuwa akishika nafasi za juu amepata alama za mtu aliyesinzia.

Nimeanza na huyu kwa sababu mjadala wetu wa umri wa ndoa huanzia kwingine, kwenye kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mvulana miaka 18, msichana 15. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba tofauti hiyo inakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Mimi niko upande wa Mahakama. Asiyeruhusiwa kumchagua hata diwani hawezi kusemwa amemchagua mume.

Ila kifungu hicho ni kimoja kwa Tanzania Bara nzima, na umri wa kuolewa si mmoja. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010, Shinyanga ilikuwa na asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18. Tabora 58, Mara 55. Iringa, ambayo wakati huo bado ilikuwa imeibeba Njombe, ilikuwa na asilimia 8. Tukisema ni umaskini, Kigoma inatusuta: haijawahi kuitwa mkoa wa matajiri, na ilikuwa chini ya 30.

Nionavyo, jibu kubwa liko zizini. Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Wakurya wa Mara mahari ni ng'ombe, tena ng'ombe wa kuonekana, wanaohesabiwa mmoja mmoja wazee wamesimama, huyu akakataliwa kwa kukonda, yule kwa pembe iliyovunjika. Ng'ombe hao mara nyingi hawakai. Huingia kwa mlango wa dada na kutoka kwa mlango wa kaka, ambaye naye ana binti wa watu anamsubiri. Kwa hiyo umri wa binti kuolewa hauamuliwi na miaka yake peke yake. Unaamuliwa pia na haraka ya kaka yake. Nchi nzima mwanamume wa kati huoa akiwa na miaka 24 hivi, mwanamke huolewa akiwa na 19. Anayeharakishwa ni mmoja.

Iringa na Njombe zizi halina uzito huo, na binti aliyemaliza la saba ana njia nyingine: basi la kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Tusiisifu sana njia hiyo. Mtoto wa miaka 14 anayefua nguo za familia ya watu sita usiku amekwepa mume, hajakwepa utu uzima. Lakini anatuma hela nyumbani, na binti anayetuma hela haozwi haraka.

Wapo wanaotaja dini. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, ambako Waislamu ndio wengi mno, na bado mabinti wa huko kwa kawaida huolewa wakiwa wakubwa kuliko wa Bara.

Hoja ya kusikilizwa kwa makini ni ya mzazi. Binti kavunja ungo, kamaliza shule, yuko nyumbani tu, na vijana wa bodaboda wanapita. Akipata mimba, mahari inashuka na jina la nyumba linachafuka. Mzazi huyu si katili. Anaoza mapema kama mkulima anavyovuna mahindi mabichi akiogopa nyani. Ukimwambia sheria irekebishwe iseme 18, atakuuliza hiyo miaka mitatu binti atakuwa wapi. Swali lake ni halali, na vifungu havilijibu. Dahalia iliyo karibu inalijibu, na chuo cha ufundi kinachompokea hata aliyefeli.

Bunge lirekebishe kifungu, limekwisha kuchelewa. Kisha twende kwa mtendaji wa kijiji, atakayetakiwa kujua nani ametimiza 18 na nani bado, katika vijiji ambako cheti cha kuzaliwa ni kitu cha wachache na mama hukumbuka kwamba mtoto alizaliwa mwaka ule pamba ilipokosa bei. Mara nyingi karatasi pekee yenye jina la binti na mwaka wake ni rejesta ya shule. Nayo, akishafeli, hufungwa na kuwekwa kabatini.