Butura: Deni Linaloivia Juu ya Mti

Januari inapofika, mibuni katika vibanja vya Kagera huwa imebeba punje za kijani, ngumu, ambazo hazitaanza kuchumwa hadi Mei au Juni. Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa. Ada ya shule za sekondari za serikali ilianza kuondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na godoro la mtoto anayekwenda bweni bado ni juu ya mzazi. Hapo ndipo mnunuzi huingia kibanjani. Hupita kati ya migomba, hutazama mbuni mmoja baada ya mwingine, huinua tawi na kupima kwa jicho punje zilivyoshikana, kisha hukadiria magunia na kutoa fedha palepale. Kuanzia siku hiyo kahawa ni yake. Mwenye kibanja ataendelea kupalilia na kulinda, pengine ataichuma na kuianika yeye mwenyewe, lakini thamani yake imekwisha kuhama. Wenyeji huiita biashara hiyo butura. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, viongozi wameikemea majukwaani, watu wamekamatwa, na bado ipo. Nadhani ipo kwa sababu tumeipa jina lisilo lake. Tunaiita wizi, tunaiita uzembe wa wakulima, kumbe ni mkopo, tena mkopo ghali kupita kiasi, na dawa ya mkopo ghali ni mkopo nafuu.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia la kahawa ya maganda litauzwa shilingi 200,000 wakati wa mavuno, na mnunuzi wa butura anatoa shilingi 100,000 mwezi Januari. Kwa haraka mtu ataona kahawa imeuzwa nusu bei. Akitulia ataona kwamba mkulima amekopa laki moja na atalipa laki mbili baada ya miezi sita, yaani riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka. Tangu mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania imeweka utaratibu wa kuzipa benki unafuu ili zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwa riba hiyo, laki moja ileile ingedai shilingi 5,000 kwa miezi sita. Ni kweli kwamba mnunuzi naye hubeba hatari zake: mvua ya mawe inaweza kupukutisha punje, bei inaweza kuanguka. Lakini hatari hizo haziwezi kuhalalisha pengo la kutoka 5,000 hadi 100,000. Na mkulima anayekubali bei hiyo hakosi hesabu. Anaijua bei ya mavuno kuliko wengi wetu. Anachokosa ni fedha ya Januari, na katika kijiji chake mwenye kuitoa siku hiyohiyo ni mmoja tu.

Jambo hili linauma zaidi ukikumbuka kwamba kahawa si mgeni Kagera. Arabika ina asili yake katika misitu ya Ethiopia, ikalimwa Yemen na kusambaa duniani, na ilipandwa Kilema, Kilimanjaro, na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Lakini robusta ni mti wa ukanda huu wa Maziwa Makuu. Wahaya walikuwa na kahawa kabla Mzungu hajakanyaga Bukoba, wakiichemsha na majani yenye harufu, wakiikausha na kuitafuna. Hadi leo mgeni hukaribishwa kwa akamwani, yaani kahawa hiyo ya kutafuna, na zamani punje mbili za tunda moja zilitumika watu wawili walipochanjiana udugu. Hata hivyo upandaji wake ulidhibitiwa na watawala wa jadi, na hapo ndipo unapoanza mkondo mrefu unaofika mpaka leo: mti ni wa mkulima, lakini amri juu ya zao hutoka kwingine.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikaza sheria za kuwalazimisha wakulima Waafrika kulima na kuuza kahawa kwa njia iliyopangwa. Mwaka huohuo wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni hizo, na Kilimanjaro watu walivamia maghala ya chama chao wenyewe cha ushirika, KNCU, kwa hasira ya bei ndogo na kulazimishwa kuuza mahali pamoja. Mikoa miwili, makabila mawili, aina mbili za kahawa, lalamiko moja. Ushirika ulikuja kujijengea heshima baadaye, ukasomesha watoto na kujenga majengo yanayoonekana hadi leo Moshi na Bukoba. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kwa amri ya serikali, mamlaka ya zao ikachukua nafasi, na malipo yakazidi kuchelewa. Vyama viliporudishwa katika miaka ya 1980 vilirudi na madeni. Mwaka 1989 mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukaanguka na bei ya dunia ikaporomoka. Soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994/95, na mwaka 2018 Serikali ikaamua tena kwamba kahawa yote ipite katika vyama vya msingi, yaani AMCOS, na kwenda mnadani.

Nimepita haraka katika historia hii kwa sababu nataka msomaji aone kitu kimoja. Katika mizunguko yote hiyo tuligombana kuhusu nani anunue kahawa. Swali la lini mkulima alipwe limebaki nyuma, na butura inaishi humo. Chama kinapokea kahawa, kinapima, kinatoa stakabadhi, na mkulima anarudi nyumbani akisubiri mnada ufanyike, mnunuzi alipe, benki ikate deni la chama, makato ya ushuru yatolewe, ndipo jina lake lifikiwe. Mnunuzi wa butura hana hata hatua moja ya hizo. Ana fedha mfukoni na pikipiki.

Wanaotetea marufuku wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Wanasema butura ni unyonyaji, na sheria ipo kumlinda mnyonge hata pale anapokubali kunyonywa. Nakubaliana nao kwamba ni unyonyaji. Swali langu ni marufuku inafanya nini kwa bei ya mkopo huo. Biashara ikifanywa ya kificho, mnunuzi huongeza hatari ya kukamatwa katika hesabu yake, naye mkulima hupewa kidogo zaidi ya alichokuwa akipewa. Maelewano hufanyika usiku, bila karatasi wala shahidi, kwa hiyo mkulima akidhulumiwa hana pa kwenda, maana akilalamika amejishtaki mwenyewe. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua kadhia hiyo kwa jina la kangomba. Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikatumia jeshi kusomba, ikawahakiki wakulima mmoja mmoja ili kuwanasa wanakangomba. Malipo yakachelewa. Mtu aliyesubiri fedha yake miezi kadhaa msimu ule alijifunza upya kwa nini jirani yake huuza mapema.

Upande wa pili wapo wanaosema tuachie kila kitu, kama Uganda, ambako wanunuzi binafsi wamekuwa wakishindana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mauzo ya nje yamepita magunia milioni 6 ya kilo 60 kwa mwaka. Wanaonyesha kidole mpaka wa Mutukula na njia za panya ambazo kahawa ya Kagera huvushwa usiku. Wana haki ya kuonyesha. Magendo ni kipimo cha bei kisichodanganya. Zamani za Idi Amin mambo yalikuwa kinyume: kahawa ya Uganda ndiyo iliyotoroka, na baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil Julai 1975 na bei kupanda, soko la Chepkube upande wa Kenya likatajirisha watu kwa kahawa hiyo. Kahawa hufuata anayelipa vizuri na upesi, na askari wa mpakani hajawahi kubadili jambo hilo kwa muda mrefu. Lakini kufungua milango peke yake hakuondoi butura. Miaka ya soko huria nchini kwetu, baada ya 1994, haikuondoa tatizo hili. Mnunuzi binafsi huleta ushindani siku ya mavuno, ambao ni mwema na unahitajika. Januari, kibanjani, hana mpinzani.

Wengine watasema bei nzuri imekwisha kutibu ugonjwa. Robusta iliyouzwa London kwa takriban dola 1,200 kwa tani mwaka 2020 ilivuka dola 5,000 mwaka 2024, na hata mkulima wa Kyerwa aliiona tofauti hiyo. Nami nafurahi. Ila tuangalie nani anafaidi zaidi bei inapopanda kati ya Januari na Julai: ni yule aliyenunua Januari. Bei ikipanda humnenepesha mwenye butura kuliko mwenye kibanja. Na kilichopanda hushuka, kama ilivyokuwa 1989.

Pingamizi zito kuliko yote ni la watu wa mabenki na wa ushirika wenyewe: tulikopesha, hatukulipwa. Mkulima huchukua fedha ya chama kisha huuza kahawa kwingine, na viongozi wa vyama wamewahi kula mikopo. Hilo ni kweli, na pendekezo lolote lisilolijibu ni porojo. Jibu langu ni kwamba mnunuzi wa butura hukusanya deni lake bila hakimu wala hati ya nyumba, kwa sababu anakijua kibanja na anakijua alichokubaliana. Chama cha msingi kinakijua kibanja hicho vizuri zaidi. Kina kumbukumbu za kilo alizoleta kila mwanachama, na tangu wakulima waanze kusajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku mwaka 2022, taarifa zao zipo. Mkopo uwe mdogo, mathalani theluthi ya wastani wa alichopeleka misimu mitatu iliyopita, si thamani yote ya zao. Fedha itoke benki moja kwa moja hadi simu ya mkulima, isipite mikononi mwa katibu wa chama. Wadhaminiane watano watano, watu wanaoonana kila siku kisimani na msibani. Na deni likatwe kwenye mizani, huku kilichobaki kikilipwa ndani ya siku chache baada ya mnada. Sharti hili la mwisho ndilo linalobeba mengine yote, kwa sababu mkulima hutorosha kahawa kutoka kwenye chama kinachochelewa kulipa, hata kama alikikopa.

Sitetei butura, na siamini kwamba itakwisha yote. Patakuwa daima na mgonjwa wa usiku wa manane na mtu mwenye fedha taslimu. Lakini Bodi ya Kahawa, vyama vikuu vya ushirika vya Kagera, KCU na KDCU, na benki zinazojinadi kuwa za mkulima zinaweza kuanza na vyama vichache vya Karagwe au Muleba na kupima matokeo kwa msimu mmoja. Dirisha la mkopo lifunguliwe Desemba. Likifunguliwa Machi, mti utakuwa umekwisha kuuzwa.